Jaji wa mirathi anavyopatikana kwa kura za vyama: mwongozo kwa wapiga kura wa Maine

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, majaji karibu wote huteuliwa na gavana, wakathibitishwa na seneti ya jimbo, wakakaa miaka 7. Jaji wa mirathi hayumo katika utaratibu huo. Yeye hupigiwa kura na wananchi wa kaunti yake, jina lake likiwa kwenye karatasi ya kura pamoja na jina la chama chake, sawa na sherifu au mjumbe wa baraza la wawakilishi.

Aliyekulia Tanzania, ambako mirathi nyingi huanzia kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, au Kenya, ambako kadhi huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, huliona jambo hili kama kioja. Hakimu anaombaje kura? Anaomba. Na kwa kuwa Portland na Lewiston zina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wabantu wa Somalia wengi, na kila mwaka wengine kati yao wanakula kiapo cha uraia, ni vizuri kiti hiki kieleweke kwa Kiswahili.

Nianze na jambo ambalo ningependa ulishike hata kama hutasoma hadi mwisho: kiti cha jaji wa mirathi mara nyingi huwa kimeshaamuliwa kabla ya Novemba. Ukifika kituoni siku ya uchaguzi ukakuta jina moja tu, ujue mambo yalimalizika zamani, mwezi Machi, wakati makaratasi ya wagombea yanapokewa. Kwa hiyo hatua nilizopanga hapa zinafuata kalenda, na nyingi ziko upande wa mwanzo wa mwaka.

Hatua ya 1: Jua jaji huyu anaamua nini

Jina "mirathi" linawafanya wengi wadhani ni mahakama ya wenye mali. Ni kweli kwamba wosia husajiliwa pale, na ndipo msimamizi wa mirathi hupata barua zake ili benki imruhusu kugusa akaunti ya marehemu. Lakini kazi kubwa ya mahakama hii kwa familia zetu ni watoto na wasiojiweza. Jaji wa mirathi ndiye anayeamua maombi ya ulezi wa mtoto ambaye wazazi wake wako mbali au wamefariki. Shangazi aliyefika na wapwa wawili kutoka kambini, shule na hospitali wakamwomba karatasi ya kuonyesha kuwa yeye ndiye mlezi, anakwenda huko. Anayemtunza mzee aliyepotewa na kumbukumbu anakwenda huko. Kuasili mtoto, kubadilisha jina, kusimamia fedha za mtu mzima mwenye ulemavu wa akili: vyote vinapita mezani pake.

Kuna jambo la kuongeza hapo. Mtoto aliyetelekezwa au kunyanyaswa na mzazi anaweza kuomba hadhi maalumu ya uhamiaji kwa sheria ya shirikisho, ila ombi hilo linahitaji kwanza uamuzi wa mahakama ya jimbo kuhusu malezi yake. Hukumu ya ulezi inaweza kuwa mlango wa kesi hiyo. Jaji asiyeijua sheria hiyo, au anayechelewesha jalada hadi mtoto apitishe umri, anaweza kuufunga mlango huo bila hata kukusudia.

Kama tayari kuna kesi ya mtoto huyo huyo katika mahakama ya wilaya, ombi la ulezi huelekezwa huko, kwa hiyo usishangae ukitumwa jengo jingine.

Hatua ya 2: Hakikisha una haki ya kupiga kura kabla ya kujaza chochote

Hapa sina mzaha. Kura hii ni ya raia wa Marekani tu, mwenye miaka 18 na makazi Maine. Mwenye grini kadi hapigi. Aliyepewa hifadhi hapigi. Anayesubiri kesi ya hifadhi hapigi. Kujiandikisha kwa bahati mbaya, kwa sababu kijana wa kampeni mlangoni alisema "saini hapa tu", kunaweza kuharibu ombi la uraia na hata kuleta amri ya kuondolewa nchini. Ukiulizwa kwenye fomu kama wewe ni raia na wewe si raia, jibu ni hapana, na fomu unairudisha ilikotoka.

Aliye raia ana bahati ya kuishi Maine. Unaweza kujiandikisha katika ofisi ya karani wa mji wako siku yoyote ya kazi, na hata siku yenyewe ya uchaguzi kituoni. Utaratibu huo wa siku hiyo hiyo ulianza miaka ya 1970. Bunge la jimbo liliufuta mwaka 2011, na wananchi wakaurudisha kwa kura ya maoni Novemba ya mwaka huo huo. Chukua kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi, kwa mfano bili ya umeme. Vijana wa miaka 16 wanaweza kuandikishwa mapema, na aliye na miaka 17 anaweza kupiga kura ya mchujo, ile ya kuchuja wagombea wa chama kimoja, ikiwa atatimiza 18 kabla ya uchaguzi mkuu.

Hatua ya 3: Jua kaunti yako, na mwaka wake

Maine ina kaunti 16, na kila moja ina mahakama yake ya mirathi, jaji wake mmoja na msajili wake mmoja. Mji unaoishi ndio unaokupa kaunti. Portland, South Portland, Westbrook na Brunswick ziko Cumberland. Lewiston iko Androscoggin, na mahakama iko ng'ambo ya mto, Auburn. Biddeford, Saco na Sanford ziko York, ambako mahakama iko kijiji cha Alfred. Wengi wa Biddeford wanafanya kazi Portland na kusali Portland, wakadhani jaji wao ni wa Portland, sivyo. Augusta ni Kennebec, Bangor ni Penobscot.

Muhula ni miaka 4, na uchaguzi mkuu wa jimbo uko kila miaka miwili, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Piga simu kwa karani wa mji au ofisi ya mahakama ya mirathi ya kaunti uulize swali moja: kiti cha jaji kinapigiwa kura mwaka gani? Andika mwaka huo mahali utakapouona. Nani anashikilia kiti sasa nalo ni swali la bure, na jibu hupatikana hapo hapo.

Hatua ya 4: Amua utakaaje na vyama

Unapojiandikisha Maine, fomu inakuuliza chama. Unaweza kuchagua Democratic, Republican au chama kidogo kinachotambuliwa, au ukabaki bila chama. Kuchagua chama hapa hakuna kadi wala ada, na hakuna mwenyekiti wa tawi atakayekuja kukudai michango. Ni alama tu kwenye daftari la wapiga kura, inayoamua karatasi ipi utapewa wakati wa kura za mchujo.

Kuanzia 2024, asiye na chama anaruhusiwa kuingia mchujo wa chama kimoja anachokichagua siku hiyo, bila kujiunga nacho. Aliye ndani ya chama hawezi kuruka upande wa pili siku hiyo. Akitaka kuhama lazima ahame mapema, kuna tarehe ya mwisho, na karani ataitaja.

Je, chama kinakuambia nini kuhusu jaji wa mirathi? Kwa maoni yangu, kidogo sana. Hakuna namna ya Democratic ya kuchagua mlezi wa mtoto wala namna ya Republican ya kusoma wosia. Sheria ya mirathi ya jimbo ni moja. Chama kinakuambia zaidi nani alimtafuta mgombea, nani alimkusanyia saini na katika mikutano gani anajulikana. Wakati mwingine kiti hiki hupata mtu aliyekomaa kabisa katika siasa. Elizabeth Mitchell wa chama cha Democratic alikuwa spika wa baraza la wawakilishi la Maine, kisha rais wa seneti ya jimbo, akagombea ugavana 2010 akashindwa, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa jaji wa mirathi wa kaunti ya Kennebec. Wengine ni mawakili wa mji mdogo ambao nje ya kaunti hakuna anayewajua.

Hatua ya 5: Machi, majina yanapoingia

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anaikosa.

Anayetaka kupeperusha bendera ya chama hukusanya saini za wapiga kura wa chama chake ndani ya kaunti, kuanzia Januari, na kuzifikisha ofisi ya katibu wa jimbo, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi, kufikia 15 Machi. Mgombea binafsi, asiye na chama, ana muda zaidi, hadi 1 Juni. Baada ya Machi unaweza kuiona orodha ya wagombea wa mchujo kwenye tovuti ya katibu wa jimbo. Tafuta kaunti yako na maneno ya kiti cha jaji wa mirathi. Ukiona jina moja upande mmoja na upande wa pili patupu, umeshapata matokeo ya Novemba isipokuwa ajitokeze mgombea binafsi au chama kijaze nafasi baadaye.

Kuna njia nyingine isiyozungumzwa sana. Mgombea aliyeshinda mchujo akijiondoa mwanzoni mwa majira ya joto, kamati ya chama inaweza kuweka mtu mwingine mahali pake mwezi Julai. Ni halali. Ila maana yake ni kwamba jina lililoko kwenye karatasi ya Novemba linaweza kuwa la mtu ambaye hakuna mpiga kura aliyemchuja. Kwa hiyo orodha usiiangalie mara moja tu.

Kama jamii yenu inataka jaji anayeelewa familia za wahamiaji, Januari na Februari ndio wakati wa kumtafuta wakili huyo na kumwambia mtamsainia. Sharti la kisheria ni moja kubwa: lazima awe wakili aliyekubaliwa kufanya kazi ya sheria Maine, na mkazi wa jimbo. Kazi yenyewe si ya muda wote. Wengi wa majaji hawa wana ofisi zao za uwakili na husikiliza kesi za mirathi siku chache, kwa hiyo kumshawishi wakili agombee si kumwambia aache riziki yake.

Na msajili wa mirathi? Huyu pia huchaguliwa na kaunti kwa miaka 4, kwa chama, na sheria haimtaki awe wakili. Ndiye anayeongoza ofisi mnayoingia na fomu mkononi, anayepokea wosia na kupanga majalada. Mtu akifika dirishani na Kiingereza cha kukwama, atakayekutana naye ni msajili au wafanyakazi wake. Jaji atamwona baadaye, au hatamwona kabisa. Mtoto wa jamii yetu mwenye uraia, anayeishi katika kaunti, aliyesoma kidogo na kuzoea ofisi, anaweza kukigombea kiti hicho. Nashangaa kwamba halisemwi mara kwa mara.

Hatua ya 6: Mchunguze mgombea

Mabango ya bustanini hayatakusaidia; yana jina, rangi na neno "jaji". Anza na bodi inayosimamia mawakili wa Maine. Ina orodha ya mawakili kwenye mtandao, na ukiandika jina utaona mwaka aliokubaliwa, kama leseni yake iko hai, na kama amewahi kuadhibiwa. Hili huchukua dakika tano na ni bure.

Kisha fedha. Wagombea wa kaunti wanatoa taarifa kwa tume ya maadili ya serikali na uchaguzi ya jimbo. Angalia nani amechangia. Mbio hizi ni ndogo, michango pia ni midogo, na kwa sababu hiyo mchango mmoja wa wakili ambaye kila wiki ana kesi mbele ya jaji huyo unaonekana vizuri. Si kosa kuchangia, lakini wewe jua. Ule mfuko wa umma wa Maine unaolipia kampeni za wagombea ugavana na ubunge wa jimbo hauwagusi majaji wa mirathi. Wao hutafuta wenyewe.

Halafu maswali. Hapa wapiga kura wengi hukosea kwa kumuuliza mgombea kesi yao: "Ukichaguliwa, utampa dada yangu watoto?" Mgombea mwenye heshima hatajibu, na akijibu mwogope. Kanuni za maadili ya mahakama zinamkataza kuahidi uamuzi. Lakini hajafungwa mdomo. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Minnesota, iliamua kwamba majimbo hayawezi kumkataza mgombea wa ujaji kueleza msimamo wake juu ya masuala ya sheria. Na mwaka 2015, katika kesi ya Florida, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba jimbo linaweza kumkataza asiombe fedha za kampeni kwa mdomo au mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo muulize kuhusu kazi, na uulize kwa undani:

Utakaa mahakamani siku ngapi kwa mwezi, na ombi la ulezi lisilopingwa litachukua muda gani hadi lisikilizwe? Umewahi kusimamia kesi za ulezi, au ulikuwa ukishughulika na mikataba ya nyumba tu? Mtu asiyejua Kiingereza akifika, mkalimani anaitwa na nani, na nani anamlipa? Hili usiliache likapita, kwa sababu mahakama za mirathi ziko chini ya bajeti za kaunti, mbali na mahakama nyingine za jimbo, na alichozoea mtu katika mahakama ya wilaya huenda asikikute huku. Mtoto wa miaka 12 ataruhusiwa kumtafsiria mama yake? Jibu lolote lisilo "hapana" linanitia wasiwasi. Kesi za ofisi yako binafsi zikigongana na kazi ya ujaji utafanyaje? Mtu ambaye vyeti vyake vya kuzaliwa viliungua Uvira au Bujumbura ataleta ushahidi gani?

Swali hilo la mwisho ni zuri zaidi ya yote, maana halina jibu la kukariri. Utaona kama mtu anafikiri au anatafuta mlango wa kutokea.

Wagombea hawa ni rahisi kuwapata, hilo ndilo tamu la uchaguzi mdogo. Seneta hatakuja msikitini kwenu wala kanisani Jumapili ya mvua. Mgombea wa mirathi atakuja, akae, anywe chai, kwa kuwa kura mia tatu kwake ni kitu. Mwalikeni mapema, waalikeni wote, na mmoja wenu atafsiri. Kanisa au msikiti wenye msamaha wa kodi unaweza kuandaa mazungumzo hayo kwa usawa. Usimpigie debe mgombea mmoja kwa jina la taasisi.

Hatua ya 7: Kura ya mchujo, Juni

Mchujo hufanyika Jumanne ya pili ya Juni. Mwaka 2026 ni tarehe 9. Kama kuna wagombea wawili au zaidi wa chama kimoja, hapa ndipo wanapochujwa. Katika kaunti ambayo chama kimoja kina nguvu sana, mshindi wa Juni ndiye jaji, na watu wanaojitokeza Juni ni wachache kuliko wa Novemba. Maana yake kura yako ina uzito zaidi siku hiyo.

Tahadhari moja kuhusu upangaji wa wagombea. Maine inajulikana kwa kura ya kupanga, ile ya kuandika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Inatumika katika mchujo wa ugavana, ubunge wa jimbo na Kongresi, na katika uchaguzi mkuu wa viti vya shirikisho. Viti vya kaunti havimo. Kwa jaji wa mirathi unaweka alama moja, basi. Ukiweka mbili kwa kuzoea ule utaratibu mwingine, kura yako ya kiti hicho inaharibika, ingawa viti vingine kwenye karatasi vinabaki salama.

Hatua ya 8: Novemba

Mwaka 2026 siku yenyewe ni 3 Novemba. Vituo hufungwa saa mbili usiku. Saa ya kufungua inategemea mji. Unaweza kuomba karatasi ya kupigia kura nyumbani bila kutoa sababu yoyote, ila lazima imfikie karani kabla ya saa hiyo mbili usiku. Kuitia posta asubuhi ya siku ya uchaguzi ni kuitupa.

Kwenye karatasi, viti vya kaunti viko chini, baada ya viti vya shirikisho na vya bunge la jimbo. Wengi wanachoka kabla ya kufika. Geuza karatasi uangalie nyuma pia. Maine iliondoa zamani kile kisanduku cha kuchagua chama chote kwa alama moja, kwa hiyo ukimchagua gavana wa chama fulani hujamchagua jaji wa chama hicho; kila kiti kina alama yake. Usipojaza kiti hicho, kimebaki tupu, hakuna anayekujazia.

Anayeshindwa kusoma Kiingereza ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe, ndani ya kibanda. Hii ni sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura, na inamgusa hata mama yako asiyejua kusoma kabisa. Waliokatazwa kumsaidia ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mwanawe anaruhusiwa. Jirani anaruhusiwa. Msimamizi wa kituo akibisha, usigombane. Omba kuzungumza na msimamizi mkuu na utaje kifungu cha 208. Anayesaidia naye akumbuke mipaka: anasoma na kuweka alama anayoambiwa, hamchagulii mtu.

Hatua ya 9: Baada ya kura

Mshindi ni mwenye kura nyingi kuliko wengine, hata kama hajafika nusu. Katiba ya Maine inasema hivyo hivyo kuhusu majaji na wasajili wa mirathi. Wagombea watatu wanaweza kugawana kura na mwenye asilimia 38 akawa jaji, na hakuna duru ya pili. Ukiwa na mgombea binafsi unayempenda, hesabu hii ifanye kabla, si baada.

Jaji mpya huanza 1 Januari. Akifariki au kujiuzulu katikati ya muhula, gavana humteua mtu kushika nafasi, na kiti hupigiwa kura Novemba inayofuata. Aliyeteuliwa hukaa hadi 1 Januari baada ya uchaguzi huo tu. Jaji akiacha kazi mwezi wa kwanza au wa pili, basi, kiti kinaweza kuingia kwenye kura mwaka ambao hukuutarajia.

Ukiwa na lalamiko juu ya uamuzi, rufaa inakwenda Mahakama ya Juu ya Maine, na ina siku zake. Mwone wakili haraka. Lalamiko juu ya mwenendo wa jaji, kama matusi, ubaguzi au upendeleo, linapelekwa kwa kamati ya maadili ya majaji. Kumngoja umwangushe kwa kura baada ya miaka 4 ni njia ya tatu, na ndiyo ya polepole zaidi.

Neno kuhusu mwaka 1967

Wapo watakaokuambia kwamba kuchagua majaji hawa kulishafutwa. Hawadanganyi kabisa. Mwaka 1967 wananchi wa Maine walipitisha badiliko la katiba la kufuta kifungu cha kuwachagua majaji na wasajili wa mirathi, kwa sharti moja: litaanza kufanya kazi siku bunge litakapounda mfumo mwingine wa mahakama za mirathi wenye majaji wa muda wote. Bunge halijafanya hivyo hadi leo. Tume zimeundwa, ya mwaka 2021 ikiwa miongoni mwake, na mipango ikaandikwa. Kaunti hazitaki kupoteza mahakama zao, na fedha ni swali kila safari. Hivyo kifungu kilichofutwa nusu karne iliyopita bado ndicho kinachokuweka kwenye foleni ya kura. Siku bunge likitekeleza, mwongozo huu hautakuwa na kazi tena.

Kama huishi Maine

Hatua zinafanana, tarehe na masharti hubadilika. Connecticut ina wilaya 54 za mirathi tangu 2011, kutoka 117 zilizokuwepo, na majaji wa mirathi ndio majaji pekee wanaochaguliwa na wananchi katika jimbo hilo, kwa miaka 4. Mchujo wa vyama uko Agosti, na ni wa wanachama wa chama tu. Alabama muhula ni miaka 6, kaunti ni 67, na katika nyingi kati yake jaji halazimiki kuwa mwanasheria; huyo huyo husimamia uchaguzi wa kaunti na kusajili hati za ardhi. Alama moja ya chama chote bado ipo huko, kwa hiyo wengi humchagua jaji bila kumsoma jina. South Carolina nako si lazima awe mwanasheria. Georgia ni jimbo la kuangalia kaunti kwa kaunti, maana nyingine zimeondoa vyama kwenye kiti hiki kwa sheria zao za mahali.

Waswahili wa Houston wana mahakama za mirathi za kaunti ya Harris, zenye majaji wao wenyewe wa vyama, muhula wa miaka 4. Kura ya chama chote kwa alama moja iliondolewa Texas kuanzia uchaguzi wa 2020, na karatasi ya Harris ina majaji wengi kupindukia, kwa hiyo nenda na orodha yako umeiandika kwenye karatasi, kwa kuwa simu hairuhusiwi ndani ya kituo. Mchujo wa Texas uko Machi, na asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, wawili wa juu wanarudiana Mei.